Tanbihi ya Ukurasa wa Arobaini na Moja

Sefania, fundi mitambo wa Gerezani,
alisimamisha mashine saa tano za usiku, akanipigia:
"Mama mhariri, jalada hili,
neno hili, kubwa namna hii, ndivyo mlivyotaka?"
Ujinsia. Herufi saba, wino wa zambarau.
Ndivyo, nikasema. Akanyamaza. Nikasikia feni lake,
redio ya jirani, karatasi moja ikifunuliwa.
"Basi nikizileta nitazifunika turubai. Mvua."
Mbingu ilikuwa nyeupe kwa nyota.

Miaka minne tulibishana juu ya jina.
Mmoja alitaka unyumba; mwingine akauliza,
na asiye na nyumba?
Dakta Rweyongeza akaleta faragha, tukacheka:
nani atafadhili faragha?
Bibi zangu wa Kisarawe walikuwa na maneno
ya kumtosha mwali siku zote za ndani.
Tuliyatafuta kwenye kamusi. Kamusi ikasema:
tazama neno lile. Neno lile likasema:
tazama ulikotoka.

Leo tunazindua.
Ndani ya neno hilo kuna mtu aliyezimia, anapepewa.
Ukumbi wa Mlimani, kiyoyozi kinadondokea ndoo,
mgeni rasmi ametuma mwakilishi,
na mwakilishi amesoma kurasa sita
bila kulitaja jarida kwa jina lake:
"chombo hiki," "masuala hayo," "eneo lile nyeti,"
kama mtu anayepita sebuleni kwa wakwe
kwa ncha za vidole.
Utepe ukakatwa. Makofi.
Sambusa zikaisha kabla ya maswali.

Mimi sikuwapo. Nilikuwa ukurasa wa arobaini na moja,
Jedwali la Tatu, swali la kumi na nne:
Uliwahi kumweleza mtu yeyote unachokitamani?
Wanawake mia mbili na kumi na sita, Buguruni hadi Kigamboni.
Ndiyo, kumi na tisa.
Hapana, sabini na wanne.
Hawakujibu, mia moja ishirini na watatu.

Katika hao, dodoso namba themanini na nane:
mjane, miaka arobaini na sita, mshonaji, Tandika.
Hakuweka vema popote. Pembeni, kwa penseli,
kwa mwandiko wa aliyejifunza kuandika ukubwani:
"Sina neno."

Mtakwimu akamhesabu na walionyamaza.
Wapitiaji wetu wawili, majina tumefichwa,
wakaafiki: halina uzito, liondolewe.

Nililisoma kwa sauti, peke yangu, ofisini.
Sina neno: haya, uliza, sina kinyongo.
Sina neno: sina la kuongeza, niache nishone.
Sina neno: nalitafuta, mwanangu, silipati,
lilikuwa hapa hapa, kwenye ulimi,
mwaka aliokufa lilikuwapo,
au sijui.
Mapitio ya rika, tunayaita.
Rika lake liko Tandika, linakanyaga cherehani.

Barua kumi na moja niligombea tanbihi moja.
Mistari miwili, chini kabisa, herufi za sisimizi:
mshiriki mmoja aliandika hivi;
hatujui alikuwa anajibu au anakataa kujibu;
tumeliacha lilivyo.

Wageni wametoka na nakala zao
ndani ya bahasha za kaki, zimegundishwa.
Mlangoni yuko Sefania na ankara yake,
shati limepigwa pasi, kucha zina zambarau.
"Ile ya chini, ukurasa wa arobaini na moja,
nilidhani mashine imeruka. Nusura niifute."
Ndivyo ilivyo, nikasema.
"Ndivyo," akarudia, akakunja risiti mara nne.
"Zinazoharibika huwa tunawapa wauza karanga.
Za kwenu sikuwapa. Nimezipeleka nyumbani."
Zote?
Akatazama ndoo, maji yakidondoka.
"Ukurasa ule tu."